Kabla Jua Halijapanda Upande wa Nyali

Kopo la resini lina maandishi ubavuni: kazi ifanywe penye joto la nyuzi 20 hadi 25. Niliyasoma nikiwa nimekaa barazani Kibokoni, Mombasa, saa nne asubuhi ya mwezi wa Februari, jasho likinidondokea kwenye miwani, nikacheka peke yangu. Nyuzi 25 hapa kwetu ni usiku wa manane. Mchana wa kaskazi kivuli chenyewe kina 32, na faiba iliyoachwa juani huwezi kuikalia. Aliyeandika kopo lile hakudanganya. Aliandikia nchi yake.

Makosa mengi niliyoyaona kwenye kazi ya faiba kisiwani hapa, yakiwemo yangu mwenyewe, yameanzia hapo. Mtu amefuata saa na vipimo vya nchi ya baridi, au ameona haviendi akavitupa vyote na kukisia. Basi maneno haya ni ya mwenye boti ndogo ya faiba, ya kuvulia au ya kutembeza wageni, anayetaka kuiwekea kibanda cha nahodha chenye kioo kilichopinda mbele, na anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Nitasema kioo kwa kuwa ndivyo tunavyosema, lakini nazungumzia plastiki angavu. Kioo cha dirishani hakina kazi kwenye boti ndogo. Wimbi moja likikipasua, vipande vyote viko kifuani mwako.

Njia nitakayoieleza sikuirithi kwa wazee wa Bandari ya Kale. Imetoka kwa watu wanaojiundia ndege nyumbani. Mwaka 1975 Mmarekani Burt Rutan alirusha ndege yake ndogo VariEze, iliyoundwa kwa povu gumu lililochongwa na kuvikwa kitambaa cha faiba na epoksi, bila kalibu yoyote. Michoro yake ikauzwa, na watu wasio na kiwanda wakaanza kuunda ndege kwenye gereji zao. Hao ndio walioumia vichwa, mmoja baada ya mwingine, kutafuta namna ya kukioanisha kifuniko angavu cha juu ya rubani na mwili wa faiba bila kifuniko kupasuka. Kifuniko kile na kioo cha boti ni watoto wa baba mmoja: plastiki ile ile, faiba ile ile, upepo wa mbele, mtikisiko usiokwisha, jua. Tofauti ni kwamba cha boti kikipasuka, unarudi nyumbani umelowa, basi.

Tuanze na saa, kwa sababu saa ndiyo itakayoamua mengine.

Resini haikauki kama rangi. Inaungana yenyewe kwa yenyewe, na katika kuungana inatoa joto, na joto hilo linaiharakisha. Kipimo cha mkono ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mwendo huo karibu unakuwa maradufu. Resini inayokupa dakika 30 penye nyuzi 20 itakupa kama 15 penye 30. Ukiichanganya nusu lita ndani ya kopo la Kimbo na kuiacha humo huku unanyoosha kitambaa, joto litakosa pa kutokea. Itaanza kutoa moshi, itageuka jiwe lenye nyufa, na ikiwa karibu na vitambaa vilivyolowa asetoni inaweza kuwasha moto. Mimina mchanganyiko kwenye sinia pana ya bati, kina kisizidi upana wa kidole. Na uchanganye kidogo kidogo, gramu 200 au 300, hata kama itakubidi kuchanganya mara kumi. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliniambia, "Ami, si tuchanganye yote tumalize?" Nikamwacha achanganye yote. Sinia ile ilimfundisha vizuri kuliko ambavyo ningemfundisha mimi.

Sasa hadina, ile dawa inayoifanya resini iungane. Ya resini ya poliesta, ile ya maji maji inayotiwa matone, kiwango chake ni gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo moja ya resini. Kwa joto letu shika 10, lakini usishuke chini ya hapo. Nawajua mafundi wanaopunguza hadi matone machache ili wapate muda, na kazi yao inang'aa wiki ya kwanza. Resini ambayo haikupata hadina ya kutosha haiungani yote; inabaki laini ndani, inakunywa maji, na baada ya misimu miwili boti inaota malengelenge. Ukitaka muda, upate kwa kupunguza ujazo, kwa kutandaza kwenye sinia, na kwa kuamka mapema. Usiuibe kwenye hadina. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yake, wala usimimine kwa jicho.

Epoksi ni kabila jingine. Uwiano wake na hadina yake umewekwa na mwenye kuitengeneza, mbili kwa moja au tano kwa moja au vinginevyo, na hauchezewi hata kidogo. Ukizidisha hadina ukidhani itakauka upesi, umeharibu. Kwake yeye unachagua hadina ya polepole, ile inayouzwa kwa nchi za joto, na unaipima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu.

Haya, saa yenyewe. Kwa kazi ya kulaza faiba juu ya faiba, mimi huanza baada ya swala ya alfajiri. Vitambaa vimekwisha kukatwa jana yake, vimepangwa kwa zamu na kufunikwa. Saa kumi na mbili mwanga unatosha, hewa ina nyuzi 24 au 25, yaani zile za kwenye kopo, na jua bado halijapanda upande wa Nyali. Una saa mbili nzuri. Saa mbili na nusu jua liko juu ya mkono wa bahari, na kazi inayoguswa na resini mbichi iwe imekwisha. Mchana unapika, uache mchana upike. Faiba iliyolazwa alfajiri ikapata joto la adhuhuri chini ya turubai inakuwa ngumu kuliko ile iliyolazwa mchana ikapoa usiku.

Mbao ni kinyume. Ikiwa kibanda kina mbao za plaiwudi ndani yake, mkono wa kwanza wa epoksi juu ya mbao tupu usiupake asubuhi. Mbao ina hewa ndani; jua likipanda, hewa inatanuka na kutoka, na kila inapotoka inatoboa tundu kwenye epoksi. Utadhani umenunua epoksi yenye ndui. Ipake alasiri jua likianza kurudi, chini ya paa ili umande usiiguse. Mbao ikipoa inavuta ndani, na epoksi inafuata.

Na msimu? Kama una hiari, subiri Julai na Agosti. Kusi inavuma, mchana ni 27 au 28, na boti nyingi ndogo ziko juu ya mchanga kwa sababu bahari imechafuka. Masika ya Aprili na Mei epuka kabisa. Kitambaa cha faiba kinavuta unyevu bila kuonyesha, na ukikilaza kikiwa na unyevu kinabaki na mabaka meupe yasiyotoka. Nyumba za Mji wa Kale, na kuta zake nene za matumbawe, zina ubaridi mzuri lakini pia zina unyevu. Mimi hukihifadhi kitambaa changu ndani ya pipa la plastiki lenye kifuniko. Msimu wa unyevu pia epoksi hutoa utelezi juu, kama mafuta, ikimaliza kukauka. Usiusugue kwa msasa, maana utausukumiza ndani. Uoshe kwa maji na sponji kwanza, ukauke, ndipo msasa.

Maji gani? Hapa wengi hukosea. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na ya mkokoteni huwezi kujua yalikotoka mpaka uyaonje. Onja. Kama ulimi unasita, usioshee kazi ya faiba. Chumvi ikibaki katikati ya tabaka mbili inaita maji maisha yake yote. Tafuta ya mfereji, au kinga ya mvua.

Tuje kwenye kioo.

Kuna plastiki mbili angavu utakazouziwa, akriliki na polikaboneti. Akriliki, ambayo wengi wetu tunaiita Perspex hata ikiwa ya kampuni nyingine, ni ngumu, haifanyi unjano upesi juani, na mikwaruzo yake inang'arishika. Ubaya wake ni kupasuka. Polikaboneti haipasuki hata ukiipiga nyundo, lakini inakwaruzika kwa kuitazama tu, na ile isiyo na tabaka la kuzuia jua inageuka rangi ya chai ya rangi. Kwa kioo cha mbele kilichopinda mimi nachagua akriliki. Kama muuzaji mwenyewe hajui anauza ipi, omba kipande cha pembeni ukichome nje: akriliki inaendelea kuwaka yenyewe na kutoa harufu tamu tamu kama ya tunda, polikaboneti inatoa masizi na kuelekea kuzimika ukiondoa moto.

Akriliki ina historia inayonifurahisha. Mwaka 1940 marubani wa Uingereza walikuwa wakirudi na vijipande vya vifuniko vya ndege zao vimeingia machoni, na daktari wa macho Harold Ridley akagundua kwamba jicho linavistahimili, halivimbi kwa ajili yake. Mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lenzi ya jicho ya plastiki hiyo. Kwa hiyo wazee wetu wengi waliotolewa mtoto wa jicho wanaona kupitia vizazi vya kifuniko cha ndege.

Lakini plastiki hiyo isiyogombana na jicho inagombana vikali na asetoni, na thina, na petroli, na stirini iliyomo ndani ya resini ya poliesta. Hilo nililijua kwa njia mbaya. Kioo cha kwanza nilichofunga, miaka mingi sasa, nilikibana kwa mkeka wa faiba na poliesta moja kwa moja ukingoni, kwa kuwa poliesta ndiyo niliyokuwa nayo. Kilipendeza. Mwenye boti alinilipa na kuniongezea samaki. Baada ya miezi mitatu ukingo mzima ulikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na ilipofika kaskazi mmoja kati ya hizo nyufa ukatembea kutoka pembe hadi pembe. Hakuna aliyekigonga. Nilikuwa nimekitia sumu kwa mkono wangu, kisha nikakifunga kisiweze kujinyoosha.

Mambo mawili hayo, sumu na kufungwa, ndiyo yanayoua vioo vingi. La kwanza ni rahisi: popote faiba itakapokaribia akriliki tumia epoksi, na ukitumia epoksi tumia kitambaa kilichofumwa. Usitumie mkeka ule wa nyuzi zilizotawanywa. Mkeka wa kawaida umeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na stirini. Epoksi haina stirini, kwa hiyo mkeka unabaki mgumu na kukataa kukaa kwenye pembe.

La pili linataka hesabu kidogo. Kipande cha akriliki cha upana wa mita 1.2, ukikipima alfajiri na kukipima tena adhuhuri kikiwa kimepata nyuzi 35 zaidi, kimerefuka karibu milimita 3. Fremu ya faiba ya upana huo huo imerefuka kama milimita 1. Hizo mbili zilizobaki lazima ziende mahali. Ukizinyima mahali, zitajitengenezea, na ufa ndio mahali penyewe.

Ndiyo maana waunda ndege hutumia kioo chenyewe kuwa kalibu ya fremu, halafu hukitenga. Fanya hivi. Kikunje kioo taratibu mpaka kipate mpindo unaoutaka, ukikishikilia kwenye mbao zilizokatwa kwa mpindo huo. Usikikunje kwa nguvu kupita kiasi: nusu kipenyo cha mpindo kisipungue mara 300 za unene wake, yaani kioo cha milimita 4 kisipinde zaidi ya duara la nusu kipenyo cha mita 1.2. Ukitaka mpindo mkali zaidi ya huo, kinatakiwa kupikwa, na hiyo ni kazi ya mwenye tanuri.

Kikiwa kimekaa hapo, kifunike ukingo wake wa ndani, upana wa vidole vinne, kwa ukanda wa kadibodi ngumu wa unene wa milimita 2. Hiyo ndiyo nafasi ya mpira utakaokuja baadaye. Juu ya kadibodi bandika tepu ya kufungia maboksi, ile ya kahawia inayong'aa, bila kuacha mwanya. Epoksi haishiki juu yake. Kioo kilichobaki kiache na karatasi yake ya dukani, na juu yake funika nailoni. Angalizo: karatasi hiyo ya dukani isipigwe jua siku nyingi, inaokwa na kushikana na kioo, na kuibandua kutakutoa machozi.

Kitambaa chako, cha gramu 280 hivi kwa mita ya mraba, kikate kwa mshazari, nyuzi 45. Fundi cherehani yeyote wa Biashara Street atakueleza kwa nini: nguo iliyokatwa mshazari inalala kwenye mpindo bila kukunjika, na iliyokatwa wima inapigana nawe. Tabaka 8 zinakupa fremu ya kati ya milimita 2 na 3. Kwa pembe za chini ambako nguvu zote hukutana, ongeza tatu. Resini iwe karibu sawa kwa uzito na kitambaa, si zaidi. Watu hupenda kumwaga, wakidhani resini ndiyo nguvu. Nguvu iko kwenye nyuzi. Resini ni ya kuzishika tu. Faiba iliyolazwa vizuri unaona ufumaji wake, kama kikoi kilicholowa maji, wala haionekani kama kioo kilichomwagiwa asali.

Tabaka ya kwanza kabisa, ile itakayotazamana na kioo, tia rangi nyeusi kidogo kwenye epoksi yake. Huu ni ujanja wa waunda ndege na ni mzuri sana: ukitazama kwa nje kupitia kioo, unaona ukingo mweusi safi badala ya faiba yenye rangi ya kinyesi cha njiwa. Baada ya tabaka ya mwisho lazia kitambaa chembamba cha nailoni kisicho na rangi wala nta, kinywe epoksi. Kesho yake ukikibandua, uso wa chini yake ni mkavu na wenye mkwaruzo sawasawa, tayari kwa kazi nyingine. Bitana ya dukani inaweza kufaa, lakini ijaribu kwanza kwenye kipande kibovu, maana baadhi yake zimepakwa kitu kinachobaki juu ya faiba na kuzuia gundi.

Acha saa 24 kamili. Halafu bandua fremu, uikate kingo zake, na uiunganishe na kibanda. Sasa una fremu yenye mpindo ule ule wa kioo, na kioo hakijashikana na chochote.

Ikiwa boti yako si ya faiba bali ni mashua ya mbao, simama kwanza hapo. Usiibandike fremu moja kwa moja kwenye mbao zake. Mashua inanywa maji, inavimba, inakauka, inajipinda ikikalia mchanga. Ndiyo maana inakalafatiwa kwa pamba na mafuta na haizibwi kwa kitu kigumu. Faiba iliyogandishwa juu ya mbao inayotembea itabanduka, na kabla ya kubanduka itafuga maji na kuozesha. Weka kizingiti cha mbao, kifunge kwa bolti juu ya mpira, na fremu ikae juu ya kizingiti. Ali Skanda na wenzake wa Lamu walipounda Flipflopi, jahazi la mita 9 la plastiki iliyotupwa, lililotiwa majini 2018, waliishughulikia plastiki kwa mbinu za mbao walizozijua. Chombo kinaweza kuwa cha kitu chochote, lakini aliyekiunda lazima ajue kitu hicho kinatembea vipi.

Kutoboa kioo ndiyo hatua ya watu kushika roho. Ncha ya kawaida ya kekee imenolewa kwa ajili ya chuma. Kwenye akriliki inajichimbia, na ikitokea upande wa pili inang'oa kipande na ufa juu. Chukua ncha yako, makali yake mawili uyapitishe kidogo kwenye jiwe la kunolea yawe butu upande wa mbele, ikwangue badala ya kuchimba. Weka ubao chini, toboa polepole, na tone la maji ya sabuni. Kwa bolti ya milimita 5 toboa tundu la 8. Ndiyo, 8. Tundu kubwa ndiyo nafasi ya zile milimita mbili. Kingo za matundu na za kioo chote zisuguliwe kwa msasa mpaka zisikwaruze ukucha, kwa maana kila ufa unaanzia kwenye mkwaruzo. Ukiona ufa mdogo umekwisha kuanza, toboa kitundu cha milimita 3 mwishoni mwake kabisa, utasimama hapo.

Chini ya kila bolti weka washa ya mpira, kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Basi. Bolti hazishikilii kioo kwa kukibana. Zinakizuia kisiende zake. Maji yanazuiwa na ukanda wa mpira unaolazwa kati ya kioo na fremu, penye nafasi ya ile kadibodi. Kama unataka silikoni pia, nunua ile isiyonuka siki. Inayonuka siki inakauka kwa kutoa asidi, na kuna plastiki zisizoipenda, polikaboneti kwanza.

Kwa usafi nitasema machache: maji baridi mengi kwanza ili chumvi iondoke, kisha sabuni ya sahani na fulana kuukuu ya pamba. Chumvi iliyokauka ni msasa. Ukiifuta kavu, umekwaruza. Dawa za kusafishia vioo vya nyumba zenye amonia ziache huko nyumbani.

Nimechelewa kuzungumzia mwili wako, na hilo nalo ni tabia mbaya ya mafundi. Hadina ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Miwani ya kufunika pande zote ivaliwe kabla kopo halijafunguliwa, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikirukia, osha dakika 15 bila kusita huku mwingine anatafuta tuk-tuk ya kukupeleka hospitali. Ukiuziwa kichocheo cha kobalti pembeni, kamwe usikichanganye na hadina moja kwa moja. Viwili hivyo vikikutana vitupu hulipuka. Kobalti inaingia kwenye resini kwanza, inakorogwa, ndipo hadina. Vumbi la msasa linawasha kwa siku mbili. Paka mikono poda ya watoto kabla ya kazi, vaa mikono mirefu, na baadaye oga maji baridi kwanza, usianze na ya moto.

Na majirani? Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba kiasi cha mtu wa dirisha hili kumpa kahawa wa dirisha lile. Grainda moja ya faiba inatia vumbi kwenye nguo za watu watatu, na harufu ya poliesta inapanda ghorofa zote mbili hadi kwa mama anayemlaza mtoto. Usifanye kazi hii kichochoroni. Kata na usugue pwani, upepo ukiwa unaelekea majini, na usugue kwa msasa wa maji kila unapoweza ili vumbi lisiruke. Ile tope yake ikusanye ndani ya mfuko. Usiiache samaki waile, maana samaki hao tunawala sisi.

Kwa aliyesoma hadi hapa akiwa na michoro ya ndege chini ya godoro: haya yote yanakufaa, isipokuwa kwamba boti haianguki. Kabla hujanunua hata mita moja ya kitambaa, zungumza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ujue wanataka kukagua nini na katika hatua ipi, kwa kuwa faiba ikishafunikwa hakuna mkaguzi atakayeona ndani yake. Na kila unapochanganya resini, mimina kidogo kwenye kikombe, kiandike tarehe na saa, kiweke rafuni. Kikombe kilichobaki laini kinakwambia tabaka gani ya kung'oa.

Siku ya kufunga kioo, usimalizie na ukanda wa faiba wa juu unaoficha kingo. Acha mwanya wazi pembeni mwa kioo, milimita 3 na ushee kila upande, na ulale. Kesho saa kumi na mbili asubuhi chukua kadi nne za benki, zibane pamoja, uziingize kwenye mwanya, zinatakiwa kupita. Rudi saa saba mchana, jua likiwa limekitwanga kioo tangu asubuhi, ujaribu tena. Kadi mbili au tatu zikipita na ya nne ikakataa, kioo kinatembea ndani ya fremu yake, funga ukanda. Kadi nne zikipita kama asubuhi, kuna bolti imekazwa kupita kiasi mahali fulani. Anza na zile za pembe za chini, uzilegeze robo mzunguko, na ungoje adhuhuri nyingine.